Bima ndogo au bima kubwa? Kwa wenye magari wa Mtwara na Lindi

Malipo ya korosho yakianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, kuanzia Oktoba kuelekea mwisho wa mwaka, namba mpya zinaonekana barabarani huku kwetu. IST, Noah, Probox, na Canter moja moja ya aliyevuna vizuri Newala au Tandahimba. Gari linanunuliwa yadi Dar, linaletwa na dereva wa kukodi, na likishafika Mtwara mwenye gari ana swali moja tu kuhusu bima: "Bei gani?" Wakala naye ana jibu moja: "Laki moja na kumi na nane tu bosi wangu, stika inaingia sasa hivi." Hela inalipwa kwa simu, ujumbe unaingia, kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Nina magari mawili, nimewahi kudai bima nikalipwa, na nimewasindikiza ndugu na majirani kwenye madai yao, mengine hadi leo hayajalipwa. Kwa niliyoyaona, bei uiulize mwisho. Uliza kwanza: likitokea la kutokea, hela inakwenda kwa nani?

Hiyo laki moja na kumi na nane ni bima ndogo, thedi pati. Kwa gari dogo la binafsi kiwango cha chini ni shilingi 100,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 unapata 118,000. Ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, na ndiyo trafiki anayoitafuta akikusimamisha. Anayelipwa ni mtu mwingine: mwenda kwa miguu uliyemgonga, bodaboda, gari la mwenzako, ukuta wa jirani. Kwenye mali ya watu kuna kikomo cha fidia kilichoandikwa kwenye mkataba wako, kisome, kwa sababu ukiingia ubavuni mwa basi jipya kikomo hicho kinaweza kuisha na deni likabaki. Gari lako wewe halimo kabisa. Ukigonga mwembe njia ya Mikindani, hiyo ni kati yako na fundi.

Wewe dereva nawe humo. Na hili la abiria wengi hawalijui: kwenye gari la binafsi, usichukulie kwamba uliowapakia wamo kwa sababu tu una stika. Muulize wakala wako moja kwa moja, na akuoneshe palipoandikwa. Mimi nililipia nyongeza ya dereva na abiria. Si hela nyingi ukilinganisha na kulaza watu watatu hospitali ya Ligula kwa mkupuo.

Jambo jingine kuhusu bima ndogo ni mwendo wake. Aliyeumia mara nyingi anatakiwa kuonesha nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki kabla kampuni haijatoa hata senti. Kwa hiyo kesi iende mahakamani, iishe, nakala ipatikane, ndipo mazungumzo ya fidia yaanze. Jirani yangu aliyegongwa na lori ametembea na bahasha yake ya karatasi muda mrefu sana. Kwa hiyo ukigongwa, piga picha namba za gari lililokugonga hapo hapo barabarani na uhakiki bima yake kabla halijaondolewa. Usiridhike na maneno ya dereva.

Katikati kuna ile ya thedi pati pamoja na moto na wizi. Kwa gari linalolala nje bila mlinzi ina maana yake, ila hapa Mtwara sijakutana na wengi wanaoikata, na wakala wengine hata hawaitaji mpaka uiulize.

Sasa bima kubwa, komprehensivu. Hii inabeba yote ya bima ndogo, halafu inaongeza gari lako: ajali, moto, wizi. Kwa gari la binafsi kiwango cha chini ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Tuseme IST yako ina thamani ya milioni 14. Asilimia 3.5 yake ni 490,000, VAT ni 88,200, jumla 578,200. Ukitoa ile 118,000 ambayo ungeilipa vyovyote vile, unabaki na 460,200. Hiyo ndiyo bei halisi ya kulikinga gari lako kwa mwaka, na ndiyo ya kuipima, siyo laki tano na ushee yote. Gari la biashara lina hesabu nyingine: kwenye bima ndogo, la abiria linahesabiwa viti, la mzigo tani.

Thamani ni mahali ambapo watu wanajipunja wenyewe. Wakala anauliza, "Tuandike ngapi?" na mwenye gari anataja kumi ili alipe kidogo. Mikataba mingi ina kipengele cha uwiano. Gari la milioni 14 ukiliandikisha kwa milioni 10, hasara ya milioni 2.8 unalipwa milioni 2, maana kampuni inasema sehemu iliyobaki umejibebesha mwenyewe. Kuandika kubwa kupita kiasi nako hakusaidii. Gari likiharibika kabisa unalipwa bei yake ya soko ya siku ile, hata kama umekatia bima ya milioni 20.

Halafu kuna fungu unalobeba mwenyewe kwenye kila dai, ekisesi. Kila kampuni ina yake. Chukua mkataba unaosema asilimia 10 ya dai, isipungue 300,000. Dai ni 2,400,000. Asilimia 10 ni 240,000, iko chini ya kiwango, kwa hiyo inakatwa 300,000 na unapata 2,100,000. Ukikwaruza bampa la laki mbili na nusu, hupati kitu. Ndiyo maana kabla ya kufurahia kampuni yenye bei nafuu naitazama kwanza ekisesi yake. Mara nyingi unafuu umejificha hapo, sawa na muuza samaki anayepunguza bei huku kidole kiko kwenye mizani.

Dai langu mwenyewe lilikuwa hivi. Ilikuwa jioni natoka Lindi, nimepita Mingoyo, kufika karibu na Mpapura mbuzi wakakatiza barabara. Nikawakwepa, gari likaingia kwenye karavati. Bampa likapasuka vipande viwili, taa ya kushoto ikatoka na waya zake, boneti likakunjika, rejeta ikawa inamwaga maji. Mbuzi walikwenda zao, na mwenye mbuzi hakuonekana hadi nimeondoka.

Nilipiga picha kabla gari halijavutwa: gari zima na karavati, namba za gari zikionekana, kila kilichovunjika kwa karibu, na alama za matairi kwenye lami. Nikampigia wakala usiku ule ule, nikamtumia na ujumbe wa maandishi ili tarehe na saa zibaki. Mikataba inataka taarifa mapema, na simu peke yake haiachi ushahidi. Trafiki alikuja akapima na kuchora. Kwa polisi nikafuatilia ripoti na ile fomu ya ukaguzi wa gari, PF90. Kama kuna aliyeumia, kuna na PF3 ya hospitali.

Fundi wangu alikuwa na haraka. "Kaka, rejeta ninayo ya mkononi, tufunge kesho uingie barabarani." Nikamzuia. Asesa, yaani mkaguzi wa hasara anayetumwa na kampuni ya bima, asipoliona gari likiwa limevunjika, unampa kampuni sababu ya kubishia kila kipande. Na huku kwetu asesa mara nyingi anatoka Dar, au anaanza kwa kuomba picha kwa WhatsApp, kwa hiyo gari linakaa gereji huku wewe unapanda bajaji. Hiyo gharama ya kukaa bila gari bima yangu hailipi.

Kotesheni ya fundi ilipokwenda, kampuni ikarudisha hesabu iliyokuwa ndogo kuliko nilivyotegemea. Nikaomba mchanganuo kwa maandishi, kipengele kwa kipengele. Kukatwa ekisesi nilikujua. Kulikuwa na makato ya pili: taa na rejeta zilikuwa mpya kwenye gari lililokwishatumika, wakatoa asilimia fulani kwa kuwa gari langu limepata kipya mahali pa chakavu. Hilo limo kwenye mkataba, nikalikubali. Lakini bei ya boneti waliipiga kwa bei ya Kariakoo, bila nauli ya kulisafirisha hadi Mtwara. Hapo nikagoma, nikapeleka risiti ya basi ya mzigo uliopita, wakaongeza. Kampuni haikuwa na haraka yoyote ya kujibu, ila barua yangu ya mwisho ilionesha chini kwamba nakala inakwenda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, Kanda ya Kusini, na majibu yakaanza kuja. TIRA wana ofisi ya kanda hapa hapa Mtwara. Mkishindwana kabisa na kampuni kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hati ya kukubali malipo usiisaini kabla hujaridhika na kiasi, kwa sababu ukishasaini umefunga dai.

Mambo yanayoua dai huku Kusini nayafahamu karibu kwa majina, na la kwanza ni mchomoko. Noah ina bima ya binafsi, inapakia Masasi kwenda Mtwara kwa nauli, watu wamebanana hadi kwenye buti. Siku inapopinduka kampuni inauliza gari lilikuwa linafanya nini, na abiria wenyewe ndio wanaotoa ushahidi kwamba walilipa nauli. Kama unapakia kwa malipo, kata bima ya biashara. Ni ghali zaidi, najua, na najua pia kwamba wengi wataendelea kupakia hivyo hivyo.

La pili ni leseni. Kijana unayempa gari akuletee korosho ghalani awe na leseni hai ya daraja linalolingana na gari hilo. Iliyokwisha muda wake ni sawa na hana. Pombe sina haja ya kuieleza.

La tatu ni kadi ya gari. Wengi wetu tumenunua gari kwa mtu na kadi bado ina jina la mwenyewe wa Dar, uhamisho wa TRA umewekwa kiporo. Trafiki hatakusumbua kwa hilo ukiwa na stika. Kampuni ya bima itakusumbua, maana inataka kumlipa mwenye gari na karatasi zinasema si wewe. Hamisha umiliki kwanza, ndipo ukate bima kubwa kwa jina lako.

Na mafuriko. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar pale Somanga, magari yalikwama kule na mengine yakajaribu kupita kwenye maji. Uliza kama bima yako kubwa inabeba mafuriko au ni nyongeza ya kulipia. Hata kama inabeba, ukiyaingia maji kwa makusudi wakati wenzako wamesimama, tegemea ubishi. Wanaovuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kuingia Msumbiji nao wajue kwamba kwa kawaida bima ya huku inaishia mpakani. Upande wa pili wanahitaji bima ya kule.

Kuhusu stika bandia, siku hizi huna sababu ya kuibiwa. Stika ni ya kielektroniki. Fungua mfumo wa TIRA MIS kwenye simu, weka namba ya gari, utaona kampuni, aina ya bima, inaanza lini na inaisha lini. Fanya hivyo ukiwa bado umekaa mbele ya wakala. Angalia hasa aina ya bima, kwamba uliyolipia ndiyo iliyoandikwa. Na hakuna tena "nipe stika, nitalipa mnada wa korosho ukifunguliwa". Kisheria bima haianzi kabla hujalipa, na wakala anayekukopesha kirafiki anakuachia siku za kutembea bila kinga.

Mwenyewe nimekata hivi. Pikapu ya zamani ina bima ndogo tu na nyongeza ya dereva. Nikiuza vipande vyake vyote sifikishi milioni tano, na ikiharibika naweza kuishi bila hiyo. IST ina bima kubwa, kwa kuwa ikipotea leo sina hela ya kununulia nyingine, na malori ya makaa ya mawe na saruji ninayopishana nayo njia ya Masasi ni mengi kuliko zamani. Kila nikihuisha naulizia bei ya soko kwanza. Safari hii nimeshusha thamani niliyoiandikisha hadi milioni 12, nimelipa 495,600 pamoja na VAT. Ikifika chini ya milioni saba hivi, nayo naihamishia bima ndogo.