Mashine Zilipoacha Kuharibika

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lasema: "Je, kompyuta, intaneti na magemu bado vinakupa raha kama zamani? Kama la, nini kimebadilika?" Jibu la nusu ya kwanza ni la. Nusu ya pili ndiyo iliyonikalisha kwenye kibodi, kwa kuwa majibu ninayoyasikia kwa watu wa rika langu hayaniridhishi. Kuna wanaosema tumezeeka. Kuna wanaosema makampuni yameingiwa na tamaa, kana kwamba zamani yalikuwa nyumba za ibada. Wengine wanawatupia lawama vijana, na hilo ni jepesi, maana vijana hawatasoma barua ndefu kama hii.

Mimi nasema raha ilianza kupungua mashine zilipoacha kuharibika. Chekeni kwanza, kisha mnisikilize.

Enzi za DOS, mfumo endeshi uliotawala kabla ya Windows, hata kompyuta iwe na megabaiti nane za kumbukumbu, magemu mengi yaligombania kilobaiti 640 za mwanzo. Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kipanya inamega kipande, ya CD inamega kipande, halafu gemu linagoma kuwaka kwa sababu ya upungufu wa kilobaiti chache tu. Basi unafungua faili mbili za mipangilio, CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, unahamisha draiva moja kwenda kumbukumbu ya juu, unazima, unawasha, unatazama, unarudia. Kadi ya sauti nayo mara nyingi ilikuwa na vipini vidogo vya kuhamisha kwa vidole ili isigombane na kifaa kingine juu ya namba ya IRQ, ile ambayo kifaa hutumia kuiita kompyuta. Ukikosea, spika inashika silabi moja na kuirudia mpaka uchomoe waya ukutani. Anayewaambia kwamba aliifurahia kazi hiyo yenyewe anawadanganya. Lakini ilizaa kitu ambacho hakuna aliyekipanga: kila mwenye kompyuta alimhitaji mwenzake.

Ukitazama chimbuko la jumuiya za mtandaoni utaikuta haja hiyo kila mahali. Ward Christensen na Randy Suess waliwasha ubao wao wa matangazo, kompyuta ambayo watu waliipigia simu kwa modemu wakaachiana ujumbe, huko Chicago, Februari 1978, kwa ajili ya wenzao wa klabu ya kompyuta. Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano, ilifuata mwaka 1980, nayo ilichota watu kwenye vyuo vikuu. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Ufini, Linus Torvalds, alikwenda kwenye kundi la Usenet la watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, akaeleza kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa kujifurahisha tu, akauliza watu wanapenda nini na hawapendi nini katika Minix. Hapo ndipo Linux ilipochipuka. Hakuja kutafuta wafuasi. Alikuja na kitu ambacho hakijakamilika, na wenye ujuzi wakavutiwa na pengo.

Maongezi ya aina ile yalikuwa na sifa moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote: mashine ndiyo iliyokuwa hakimu. Mjuaji mwenye majivuno akikuambia ubadilishe namba fulani, unaibadilisha, unawasha. Imewaka au haikuwaka. Cheo chake, ufasaha wake, wingi wa marafiki zake havikumsaidia kitu. Mtoto wa miaka 14 aliweza kumnyamazisha mhandisi kwa mistari mitatu iliyofanya kazi. Siku hizi sehemu kubwa ya tunachokiita jumuiya ni watu wanaopeana maoni kuhusu vitu ambavyo tayari vinafanya kazi. Simu ipi bora, gemu lipi limepewa alama zisizo haki, kampuni ipi tuitetee kama timu ya mpira. Hapo hakimu hayupo. Kumebaki kuhesabu vidole vilivyoinuliwa, na Facebook ilipoweka kile kidole cha "Like" Februari 2009 ilikuwa inarasimisha jambo ambalo lilikwishaanza.

Najua maelezo yanayotolewa kwa kawaida: watu walizidi. Hadithi yake ni nzuri, tena ina ukweli ndani. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walipewa akaunti, wakaingia Usenet kwa kishindo, wakauliza yaliyokwisha kujibiwa. Wenyeji waliwakaripia, wakawaelekeza kwenye orodha ya maswali ya kawaida, na baada ya muda ghasia zikatulia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuanzia 1993 makampuni ya intaneti ya majumbani, AOL ikivuma kuliko yote, yakaanza kuwafungulia wateja wao milango, wageni wakawa hawaishi kuja, na majembe hayakutosha. Wakongwe wakauita wakati ule Septemba isiyokwisha.

Siafiki kwamba wingi peke yake ndio uliotuponza. Miaka ile ile Linux ilipokea wageni bila kikomo na jumuiya zake hazikufa. Kwa nini? Kwa sababu mgeni wake aliingia na kadi ya mtandao iliyogoma. Akasaidiwa, akawa na deni, na deni lile alililipa kwa mgeni aliyemfuata. Asiye na shida haingii na deni. Anaingia na maoni.

Magemu yanaonyesha jambo hili waziwazi kuliko chochote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kwenye Quake, gemu la risasi la mwaka 1996, na miaka mingi baadaye kwenye Counter-Strike, mchezaji alichagua seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, kutoka orodha. Seva ilikuwa mali ya mtu: mwanafunzi, kundi la marafiki, fundi wa ofisi fulani ambaye bosi wake hakujua. Ilikuwa na jina, na sheria, na ramani zinazopendwa pale. Kesho yake unarudi ile ile kwa sababu ina kasi nzuri kwako, unawakuta wale wale. Baada ya muda unajua nani hupenda kujificha nyuma ya kreti, nani hulia akishindwa, nani ni mwema kwa wanaojifunza. Ukitukana, unafukuzwa na mtu anayekujua kwa jina. Aibu ilifanya kazi ambayo leo inafanywa na kompyuta inayochuja maneno, na iliifanya vizuri zaidi.

Kisha ukaja mfumo wa kupanga wachezaji. Unabonyeza kitufe kimoja, unatupwa na wageni tisa wenye kiwango kama chako, mnacheza dakika 20, mnatawanywa, hamtaonana tena. Kiufundi ni maendeleo, sibishi. Hungoji, huhangaiki na seva iliyojaa, mechi zinalingana. Ila ukiwakusanya watu ambao hawatakutana tena na ukawapa kipaza sauti, yanayotoka humo si fumbo. Watafiti hawahitajiki.

Mwaka 2009 Call of Duty: Modern Warfare 2 ilipotoka kwenye kompyuta bila seva za wachezaji, watu waligundua wanachonyang'anywa, wakaapa kuisusia. Siku ilipotoka, ikasambaa picha ya kundi la waliosusia ikiwaonyesha wengi wao wakiwa ndani ya gemu hilo hilo, wanacheza. Tangu hapo sina moyo wa kuweka saini kwenye susio lolote la wachezaji.

Tusisahau pia mahali magemu makubwa yalipotoka. Counter-Strike yenyewe ilianza 1999 kama marekebisho ya mashabiki juu ya gemu la Half-Life, kazi ya Minh Le na Jess Cliffe. DotA, gemu la mapambano ya timu, ilitoka kwenye kihariri ramani cha gemu la Warcraft III. Doom, Desemba 1993, ilitenganisha injini (programu inayoendesha gemu) na faili za ramani na picha, hivyo mtu yeyote mwenye subira aliweza kutengeneza ngome zake. Gemu lilikuja na milango wazi. Kuhusu kampuni kuwauzia wachezaji nguo za farasi wa ndani ya gemu, kama ilivyokuwa kwenye Oblivion, jambo lililochekwa sana 2006 na ambalo leo ni biashara ya kawaida, sina la kuongeza. Kila mtu amekwisha kulisema na makampuni yamekwisha kuhesabu fedha.

Kompyuta zenyewe? Sitachukua muda. Nyingi sasa ni za kubeba, nyembamba, kumbukumbu imelehemiwa kwenye ubao mama, betri imegandishwa kwa gundi. Hazina cha kushika, na mara nyingi hazihitaji kushikwa. Ninayoandikia barua hii imekuwa nzima tangu niinunue, na sijawahi kumuuliza mtu swali lolote kuihusu.

Hapa lakini pana kitu ambacho wanaosifia ulaini huu hawakitaji. Uharibifu haukwenda mbali. Umerudi kwa umbo ambalo rafiki hawezi kukusaidia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni, kwa hiyo mashine nyingi zisizo na hitilafu yoyote zilijikuta zimestaafishwa rasmi. The Crew, gemu la magari la mwaka 2014, lilihitaji seva za Ubisoft, kampuni iliyolitoa, hata kwa anayecheza peke yake. Seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, gemu likafa kwenye diski za watu waliolilipia. Hapo hakuna pini ya kuhamisha wala faili ya kuhariri. Fundi wa mtaa mzima hana la kufanya, kwa sababu kilichovunjika kiko kwenye jengo la watu wengine, na kimevunjwa kwa makusudi.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa makazi yetu. GeoCities, zilikokaa kurasa za watu binafsi, ilifungwa Oktoba 2009. Mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri 2019 kwamba muziki uliopakiwa kabla ya 2016 umepotea. Mazungumzo ya kiufundi mengi yamehamia vyumba vya gumzo vya Discord, ambavyo injini za utafutaji hazivioni. Jibu likitolewa leo, keshokutwa limefunikwa na salamu na vikatuni. Na sasa tuna akili mnemba. Naitumia, sitajifanya mtakatifu. Naieleza hitilafu, inanijibu kwa sekunde, mara nyingi kwa usahihi, kwa maarifa iliyoyachota kwenye majibu ambayo wageni waliwapa wageni bure kwa miongo mitatu. Tofauti ni kwamba baada ya kunijibu hakuna anayejua kuwa nilikuwa na shida. Atakayepata shida hiyo baada yangu hatalikuta jibu popote, na mimi sidaiwi na mtu.

Msinielewe kwamba natamani turudi nyuma. Penye wengi pana mengi, na penye wachache pia. Wenye seva wengine walikuwa madikteta wadogo. Mwanamke aliyefungua mdomo kwenye seva ya Counter-Strike alikuwa na bahati akitukanwa mara moja tu. "Soma mwongozo" lilikuwa jibu la fahari, hata pale mwongozo wenyewe ulipokuwa takataka. Na wengi hawakuwa mle kabisa, kwa sababu hawakuwa na chuo, wala simu ya waya, wala Kiingereza. Anayewauzia zamani kama pepo anauza kumbukumbu zake za ujana.

Ila ziko pembe ambazo bado zinanipa raha, nazo zote zinafanana. Wanaoandika programu za kuigiza mashine za kale. Wanaokimbiza magemu ili kuyamaliza kwa muda mfupi kuliko wote, ambao huchambua hitilafu moja ya ukuta kwa miezi kisha wakampa mpinzani matokeo. Wanaoweka Linux kwenye kompyuta zilizostaafishwa. Kila mahali pale kuna kitu kibovu kinachoweza kuguswa, na watu wanazungumza kwa heshima ya ajabu.

Kwa hiyo mkiniuliza nini kingenirudishia hamu, sitaji kadi mpya ya picha. Natazama kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott baada ya kutangazwa kifo cha The Crew, ambayo mwaka 2025 ilipita saini milioni 1 katika Umoja wa Ulaya. Inachodai ni kidogo: kampuni ikichoka na gemu, iliache katika hali ya kuchezeka. Chama cha makampuni, Video Games Europe, kilijibu kwamba masharti hayo yangefanya utengenezaji uwe ghali kupita kiasi, na wengine huongeza kwamba ndani ya magemu ya leo mna vipande vya msimbo vyenye leseni za watu wengine, visivyoweza kugawiwa.

Hilo la leseni si geni. Desemba 1997, id Software, waundaji wa Doom, ilipotoa msimbo chanzo (maandishi ya programu yenyewe) wa gemu hilo, maktaba ya sauti, yaani vipande vya programu vya kutoa sauti, ya toleo la DOS ilikuwa mali ya mtu mwingine. Wakatoa toleo la Linux, bila maktaba hiyo. Mashabiki wakalijaza pengo wenyewe, na Doom inachezwa hadi leo kwenye karibu kila kitu chenye skrini. Kwa magemu yaliyokwisha kuuzwa, nakubali kwamba kuyafumua upya kuna gharama halisi. Kwa yale ambayo hayajaanza kuandikwa, sioni kisingizio.

Msomaji wenu