Anayesoma ujumbe wako amevaa glavu

Ukianza kazi mapokezi au usaidizi wa daktari kwenye kliniki ya meno yenye viti vitatu vinne, siku ya kwanza utaonyeshwa programu ya ujumbe wa ndani: kidirisha kinachochomoza pembeni mwa skrini, orodha ya vyumba, vitufe vichache vya rangi, na mlio. Maelezo hayazidi dakika tano, kisha mtu atakwambia, "Rahisi tu, ni kama WhatsApp." Hapo ndipo wageni wengi wanapopotezwa. Kwenye WhatsApp anayekusoma ameshika simu na ana muda wake. Huku ameshika sindano ya ganzi, mikono yote miwili iko kwenye glavu, na macho yako kinywani mwa mtu. Akigusa kibodi, glavu zile hazifai tena: avue, asafishe mikono, avae nyingine. Kwa hiyo hataigusa.

Andika basi ujumbe ambao daktari ataumaliza kwa kuutupia jicho mara moja, bila kulazimika kujibu. "Dokta samahani, nilikuwa naomba kuuliza kuhusu yule mama wa jana" una adabu zote, lakini umemfanya ageuke na bado hajui unataka nini. "Wa 14:00 kafika. Bima imekubali kuziba, ya mzizi bado." Hapo amekupata, anaendelea na kazi. Salamu zetu ni nzuri, zitumie asubuhi mlangoni na wakati wa chai. Kwenye kidirisha hakuna atakayekuona umekosa malezi kwa kuziacha. Ukihitaji uamuzi, uliza swali la ndiyo au hapana, ili daktari atikise kichwa tu na msaidizi abonyeze jibu. Swali la "tufanyeje?" halijibiki kwa kichwa.

Nimeandika 14:00 makusudi. Sisi tukisema mgonjwa wa saa nane tunamaanisha mchana, lakini programu ya miadi inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ukiandika "saa 8" kwenye ujumbe, mmoja atasoma mchana na mwingine ataitafuta 8:00 kwenye ratiba, ambayo ni saa mbili asubuhi. Mdomoni sema utakavyo. Kwenye skrini andika kama skrini inavyoandika.

Namba za meno nazo zina mtego wake. Huku kwetu madaktari wengi hutumia namba za tarakimu mbili: ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino kuanzia katikati. Jino 36 ni gego la kwanza la chini kushoto, 46 ni mwenzake wa kulia, na kulia hapo ni kulia kwa mgonjwa, si kwako wewe unayemtazama. Meno ya utotoni huanza na 5 hadi 8, kwa hiyo 75 ni la mtoto. Programu zilizotengenezwa Marekani mara nyingi huja na hesabu ya 1 hadi 32, na humo jino lile lile la 46 linaitwa 30. Ukikuta hivyo, mwombe anayeitunza programu abadilishe mpangilio, usijaribu kukariri zote mbili. Na kama viti vyenu vimepewa namba, shauri vipewe herufi. "Kiti C, jino 36" haugongani. "3, 36" unagongana, hasa ukiandikwa na mtu mwenye foleni mbele yake.

Ujue pia wakati wa kutuma. Ganzi ya taya la chini huchukua dakika kadhaa kushika, na hapo ndipo daktari anaponyoosha mgongo na kutazama skrini. Maswali yasiyo ya haraka yasubirishe hadi wakati huo. Msaidizi naye usimwite akiwa amechanganya unga wa kuchukulia umbo la meno. Ukishakutana na maji huganda upesi, na akikuitikia wewe, ule umekwisha.

Kuhusu mlio wa dharura nitakuwa mkali. Kila kliniki ina mtu anayebonyeza nyekundu kwa sababu chenji imeisha. Baada ya wiki mbili hakuna anayeinua kichwa. Nyekundu ibaki ya mgonjwa aliyezimia, anayepumua kwa shida au anayevuja damu isiyosimama. Kuzimia ndiko kunakotokea zaidi, mara nyingi kwa hofu ya sindano tu: kiti kinalazwa, miguu inainuliwa, na wengi hurudiwa na fahamu upesi. Lakini hata hapo kitufe ni msaada tu. Piga kelele kwa sauti yako pia, maana huenda kompyuta ya chumba cha pili imelala. Uliza mapema, kabla hakijatokea chochote, nani huleta oksijeni na sanduku la dawa za dharura, na nani huita gari la wagonjwa.

Sasa geuka utazame skrini ukiwa umelala kwenye kiti, jaribu siku kliniki iko tupu. Utashangaa unavyoona. Mgonjwa anasoma kila kinachochomoza, na hicho kinaweza kuwa habari ya mtu wa kiti cha jirani. Ndiyo maana jina kamili, ugonjwa, deni na majibu ya vipimo havikai kwenye kidirisha. Tumia namba ya faili. Utani kuhusu mgonjwa usiandike kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Kundi la WhatsApp la wafanyakazi ndilo linaloniudhi zaidi: picha za eksirei zinaingia kwenye simu binafsi pamoja na picha za harusi, na aliyeacha kazi mwaka jana bado yumo. Kama kliniki yako inafanya hivyo, wewe mgeni huwezi kuligeuza peke yako, ila unaweza kukataa kutuma picha kwa simu yako.

Daktari akiagiza jambo kwa ujumbe, kama kubadilisha dawa kwa sababu mgonjwa ana mzio wa penisilini, hakikisha limeandikwa kwenye faili siku hiyo hiyo. Atakayemhudumia mwezi ujao hatafungua ujumbe wa zamani, atafungua faili.

Mwisho, umeme. Programu nyingi za aina hii zinapita kwenye mtandao wa ndani ya jengo, kwa hiyo intaneti ikikatika zinaendelea. Umeme ukikatika, kompyuta zenye betri ya akiba zitabaki zinawaka, lakini kisanduku kinachoziunganisha kikizimika ujumbe haufiki, na usipoangalia alama ya kufika utadhani umesomwa. Uliza kama kisanduku hicho nacho kiko kwenye betri. Kama hakiko, weka vikaratasi na kalamu mapokezi, uvipeleke mwenyewe vyumbani, na gonga mlango kabla ya kuingia.