Chimbueni Hadi Mzizi: Kwa Mnaoanza Kuchuma Uyoga Msimu Huu

Mvua zimeshika, miombo imefunga majani, na kila asubuhi nawaona wadogo zangu mkirudi kutoka porini na salfeti begani, mmelowa hadi magotini, furaha tele. Nami nafurahi. Kisha mnamwaga mzigo chini na moyo wangu unashtuka, maana naona yaleyale ya kila msimu. Kamwene, kaeni kidogo. Vichuguu mnavijua, wisogolo, ule uyoga wa njano wa miomboni, mnaujua, na karanga za kuungia zimeshatwangwa. Hayo siwafundishi. Nasema yanayoninyima usingizi.

1. Salfeti ibaki nyumbani. Uyoga ukibanwa unatoa jasho na kuvunjika, na kipande kilichovunjika hakuna mzee atakayeweza kukuambia ni cha nini. Bebeni kikapu cha milulu.

2. Msikate. Chimbueni. Najua mmeambiwa kisu ndicho ustaarabu, na mashina yaliyokatwa usawa yanapendeza kweli kwenye ungo pale barabarani. Mimi pia nilikuwa nakata, na nilikuwa mtu wa kuulizwa: majirani walileta vikapu vyao nivikague.

Mwaka ule nilikuta kichuguu kando ya zizi lililohamwa. Uyoga mweupe, mkubwa, umetapakaa kukizunguka na kuteremka hadi kwenye majani ya lile zizi. Nikaanzia kichuguuni, nikakata, nikateremka nikikata bila kuinua kichwa. Uliokuwa zizini ulikuwa na magamba ya kahawia juu ya kofia. Niliyaona. Nikajiambia ni udongo uliorushwa na mvua. Una pete shingoni, nikasema hata uyoga wa mchwa mwingine una pete. Kila alama iliyonionya niliitafutia maelezo, kwa sababu kikapu kilikuwa kinajaa na nilishaona sura za watoto nitakapoingia nyumbani.

Tulikula jioni. Ugali haujashuka vizuri, mtoto wa mdogo wangu akaanza kutapika. Akafuata mama yake, kisha mimi. Tulipelekwa kituo cha afya usiku kwa gari la kuazima, mtoto amelegea mikononi mwangu kwa kuharisha, macho yamezama. Mganga akauliza: mmekula uyoga gani? Sikuwa na cha kumwonyesha. Sufuria ilikuwa tupu, na vitako vyote nilikuwa nimeviacha ardhini. Mtu wa kuulizwa nimeulizwa, sina jibu. Tukawekewa maji ya mishipa hadi kulipokucha, na wote tulipona, lakini yule mtoto alikuwa akinitazama kabla ya kupokea tonge mkononi mwangu, na hilo liliniumiza kwa muda mrefu kuliko tumbo.

Tuliporudi, bibi mmoja jirani alichukua jembe akanipeleka palepale. Akachimbua vitako nilivyoviacha. Vya kichuguuni vilikuwa na mzizi mrefu unaoshuka, unaendelea kushuka, hadi kwenye kiota cha mchwa. Vya zizini vilikuwa na kinundu tu chini ya udongo, basi. Kofia moja niliyoidondosha ilikuwa imefunguka, na mikunjo yake ya chini imeanza kuwa ya kijani.

Sababu yake ni hii, ishikeni. Uyoga wa mchwa, ambao wataalamu huuita Termitomyces, unalelewa na mchwa wenyewe ndani ya kiota kama chakula chao, na ule mkubwa unaotokeza juu huwa na shina linaloanzia huko chini. Ule wa zizini, Chlorophyllum molybdites, unakula samadi na majani yaliyooza. Hauhusiani na mchwa. Kuwa jirani na kichuguu ni bahati tu. Ukiwa mchanga mikunjo yake ni myeupe, kwa hiyo msijidanganye kwa kuangalia rangi hiyo peke yake. Mkiwa na shaka, lazeni kofia iliyofunguka juu ya karatasi nyeupe usiku kucha: wa mchwa huacha vumbi la waridi hafifu, huu huacha la kijani.

3. Kupika na shilingi, na mchele, na kitunguu, eti vikibadilika rangi kuna sumu: acheni, hakuna hata kimoja kinachopima. Na wanaosema ulioliwa na konokono ni salama, wajue konokono anakula vitu vinavyoua watu.

4. Kundi la Amanita lina uyoga mtamu sana wa miomboni, na ndani ya kundi hilohilo duniani wamo wauaji wakubwa. Hapo tena mnachimbua, kwa sababu kile kikombe cha kitakoni ndicho kinachowaonya kwamba huenda mko kwenye kundi hilo, na kinajificha udongoni. Usiojulikana kwa wazee wa eneo lako uache. Tena sikilizeni kuhusu saa: sumu ya zizini hushika mapema, ndani ya saa chache. Sumu ya ini, ile ya hao wauaji wa Amanita, huanza baada ya saa 6 au zaidi, hata siku ya pili, kisha mgonjwa anapata nafuu na ndugu wanashukuru, huku ini linaharibika. Nafuu hiyo isiwarudishe nyumbani. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Kila mnapopika, wekeni uyoga mmoja mzima pembeni, na mzizi wake, hadi kesho. Mtu akiugua, uyoga huo unakwenda naye hospitali.

5. Mwekundu wenye madoa meupe kwenye mipaina ulikuja na mipaina. Mzuri kwa macho, waonyesheni watoto wauache hapohapo.

6. Wisogolo hauna shamba. Unaishi kwa kushikana na mizizi ya miombo na mikusu iliyo hai, mti unaupa chakula nao unauchotea mti maji na madini. Nilikuwa na mahali pangu bondeni, njano tupu kila Januari. Wachoma mkaa wakakata miti, wakapanga tanuri zao, na msimu uliofuata nilizunguka pale na kikapu kitupu. Kwa hiyo mkikuta magogo yamelazwa kwenye sehemu mnazochuma, siku hiyohiyo nendeni kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, mkiwa wengi, mkawaonyeshe hicho kikapu na mseme kimetoka chini ya miti gani.