Usifute paralaksi hasi

Ukipakua data za Gaia, satelaiti iliyopima mahali pa nyota, kwa mara ya kwanza, utakutana na nyota zenye paralaksi hasi. Paralaksi ni kule kusogea kidogo kwa nyota machoni petu Dunia inapolizunguka Jua. Kadiri nyota ilivyo mbali, ndivyo kusogea huko kunavyopungua. Kushuka chini ya sifuri haiwezekani. Mimi nilidhani ni data mbovu, nikazifuta zote.

Kundi la nyota nililokuwa nikilipima likatokea kuwa karibu kuliko lilivyo, na ilinichukua wiki kadhaa kujua sababu. Kila kipimo kina kosa lake, la juu au la chini. Nyota ya mbali sana ina paralaksi inayokaribia sifuri, kwa hiyo kosa dogo tu la chini linaitumbukiza kwenye hasi. Nilipofuta hasi, nikabaki na zile ambazo kosa limezipandisha, na wastani ukapanda nazo.

Tafuta wastani wa paralaksi za kundi zima, hasi zikiwemo, ukizipa uzito zaidi zile zenye kosa dogo. Hapo ndipo uugeuze wastani kuwa umbali. Ukigeuza nyota mojamoja kwanza, utapotoka tena. Toleo la tatu la Gaia, la mwaka 2022, lina paralaksi za nyota karibu bilioni 1.5. Wingi huo hupunguza makosa ya nasibu. Upotoshaji ulioutia kwa mkono wako haupungui hata chembe.

Tahadhari kama hiyo inahitajika pia kwenye uigaji wa kompyuta, yaani programu inayokokotoa mwendo wa magimba ya angani hatua kwa hatua. Kabla hujagusa galaksi, izungushe sayari moja kulizunguka Jua kwa miaka elfu moja. Jibu tunalijua tangu enzi za mwanaastronomia Kepler: sayari hubaki kwenye njia yake ileile. Kwa mbinu rahisi ya Euler, inayosogeza mahali na kasi kwa pamoja kila hatua, utaiona sayari ikisogea nje polepole, nishati ikiongezeka bila chanzo. Tumia mbinu ya lipfrogi (leapfrog), inayosogeza kasi na mahali kwa zamu: nishati itayumba kidogo na kurudi. Grafu hiyo ya nishati ichore kila unapoendesha programu, hata ukishakuwa mzoefu.

Na chembe, yaani nukta ambazo uigaji hutumia kuwakilisha maada, si nyota. Uigaji wa ulimwengu uitwao Millennium, wa mwaka 2005, ulitumia chembe zaidi ya bilioni 10, kila moja ikiwa na tungamo karibu mara bilioni moja ya Jua. Kitu kilichoundwa na chembe chache humo hakina umbo la kuaminika. Ndiyo maana nikiletewa picha nzuri ya uigaji, naomba kwanza uigaji huo uendeshwe upya kwa chembe mara nane zaidi, nione kama umbo linabaki lilelile.