Unapanda Njombe na SUV ya zamani kipupwe hiki? Ipime ukiwa bado Mtwara

Tangu kusi ianze kuvuma hapa Shangani nimeshaulizwa na watu watatu swali lile lile, kaka gari yangu asubuhi inasumbua kidogo kuwaka ila ikishapata moto haina shida, naweza kwenda nayo Njombe? Wote watatu wana zile SUV kubwa za Ulaya, injini ya dizeli ya V6, za miaka kumi na kitu, ambazo zikiwa mpya bei yake unajenga nyumba ila zikishazeeka mtu mwenye hela ya korosho ya misimu miwili anaziweza. Jibu langu ni usiende bado. Na naomba nieleze kwa urefu kwa sababu hili jambo mimi limenitoa milioni 3 na laki 7 na ushee, na hela zenyewe sio kitu kilichoniuma zaidi.

Yangu niliinunua ikiwa na miaka 14 na kilomita 218,000 kwenye dashibodi. Mtwara ilikuwa inawaka vizuri tu. Mwezi wa sita nikaenda nayo Newala, tukalala, asubuhi pale juu kulikuwa na ukungu na kaubaridi kale ka Newala mnakajua, nikabonyeza kuwasha, stata ikazunguka kwa uzito, ikazunguka tena, ikawaka huku inatetemeka na kutoa moshi mweupe kama dakika moja hivi halafu ikatulia. Nikasema ah, ni baridi tu, ikashuka Mtwara na haikurudia tena. Hapo ndipo nilipokosea. Gari ilikuwa imeniambia kila kitu, bure kabisa, kilomita mia na kitu tu kutoka nyumbani, mimi nikaipuuza.

Mwezi wa saba tukaenda harusini Njombe, mdogo wake mke wangu anaolewa, na mimi ndo nilikuwa nimeahidi kwamba bibi harusi atapanda gari yangu. Tukatoka Mtwara alfajiri, Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, tukalala Songea, kesho yake tukapanda Lukumburu kwenye ukungu taa zimewashwa mchana, gari inavuta vizuri sana wala hainisumbui. Tukafika Njombe Alhamisi jioni. Ijumaa saa 12 asubuhi nyasi za uwanjani zimelowa na ni baridi ya kuumiza vidole, nabonyeza kuwasha, stata inazunguka mara tatu pole pole halafu tak tak tak, taa zote za dashibodi zinawaka kama mti wa Krismasi, kimya.

Sasa mambo yaliyofuata nayasimulia yote maana ndiyo mtu akiwa amechanganyikiwa anayafanya. Mtu wa kwanza aliyekuja kusaidia akasema dizeli imeganda. Sio kweli, dizeli kuganda hadi izibe filta ni mambo ya nchi ambazo joto linashuka chini ya sifuri na kukaa huko siku nzima, ndo maana Ulaya wana dizeli ya majira ya baridi, Njombe mjini asubuhi ile ilikuwa kama nyuzi 5 au 6, dizeli haina habari na hiyo. Wa pili akataka tuchanganye mafuta ya taa kwenye tanki, nashukuru nilikataa, kwa sababu hizi injini pampu yake ya presha inalainishwa na dizeli yenyewe, ukiweka mafuta ya taa unaikausha, ikisagika chuma chake kinaenda mpaka kwenye nozeli na hapo huongelei tena laki, unaongelea bei ya gari. Wa tatu akaja na kitambaa kimelowa petroli akiweke kwenye mdomo wa hewa ili ishtuke. Jamani msikubali hii. Hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya silinda kabla ya kuwasha, ikiwa nyekundu halafu injini ivute mvuke wa petroli au ile spre ya kuwashia, inalipuka kabla ya wakati wake, inaweza kupasua pistoni au kukuchoma uso. Na kusukuma ndo kabisa, gari otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata mkija kijiji kizima.

Tukabusti betri na pikapu ya jirani, ikazunguka vizuri lakini haikuwaka, ikatoa moshi mweupe tu. Shemeji yangu akaenda kanisani Jumamosi kwa Noah ya kuazima. Hakusema neno, ni mtu mpole, ila mimi nilikuwa nimemuahidi.

Fundi tuliyempata Jumatatu ni kijana wa pale pale, akanisalimia kamwene, akachomeka mashine ya kupima kwa 50,000, halafu akachukua multimita, kile kipimo cha umeme, akawa anapima kitu kimoja kimoja bila haraka. Alichonieleza siku ile ndicho kinafanya niandike haya. Aliniambia, kaka gari yako haijaharibikia hapa, imeharibikia kwenu kwenye joto, hapa imekuja tu kuonekana.

Na ukimfuatilia unaona ni kweli tupu. Anza na betri. Watu wanadhani baridi ndo inaua betri, kumbe joto ndo linaila, kwenye joto la pwani zile bamba za ndani zinaoza haraka na maji yake yanapungua, ila kwa kuwa injini ya moto ni nyepesi kuzungusha hujui kama betri imebaki nusu. Ukipanda juu mambo mawili yanakukuta kwa pamoja, betri kwenye baridi inatoa nguvu kidogo kuliko kawaida, na injini yenye oili nzito inadai nguvu nyingi kuliko kawaida. Yangu ilisoma volti 12.1 ikiwa imepumzika, betri nzima iliyojaa inasoma kama 12.6, na wakati stata inazunguka ilishuka mpaka 8 na kitu, inatakiwa isishuke chini ya 9.6 hivi. Halafu waya wa ethi, ule unaotoka betri kwenda kwenye bodi, ulikuwa na unga wa kijani kwenye kichwa chake, chumvi ya bahari hiyo, sisi tunaokaa karibu na maji tunaijua kwenye mabati na mageti ila kwenye gari hatuiangalii.

Hita plagi. Injini ya dizeli haina cheche, inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, sasa hewa ikiingia na nyuzi 30 ukaibana inapata moto wa kutosha hata hita plagi zikiwa zimekufa, hewa ikiingia na nyuzi 5 haitoshi. Na Njombe ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni pungufu kwa kama moja ya tano, kwa hiyo hata kubanwa haibanwi kama ya Mtwara. Kati ya hita plagi zangu 6 zilizokuwa nzima ni 2. Nilikuwa natembea na 2 nani anajua kwa muda gani, na ile taa yake yenye alama ya koili kwenye dashibodi inazima hapo hapo ukiwasha kwa sababu kwetu ni joto, kwa hiyo haikupi taarifa yoyote.

Oili nilipokuwa Mtwara niliambiwa gari imezeeka iwekewe oili nzito, ikawekwa 20W-50. Ile namba ya mbele yenye W inahusu baridi, jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa haijapata moto, kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyopanda haraka juu kwenye kemshafti. Kitabu cha gari yangu kinasema 5W-30 ya aina inayofaa kwa zenye filta ya masizi, ile inayonasa masizi ya moshi kwenye ekzosi. Ile 20W-50 ilikuwa inaifanya stata ifanye kazi kama inakoroga ugali, na mnyororo wa taimingi ulikuwa unapiga kelele sekunde kadhaa kila asubuhi kwa sababu tensheni yake, kile kinachoukaza, inategemea presha ya oili ifike. Mimi ile kelele nilishaizoea.

Lakini kilichonikasirisha kuliko vyote ni themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Haikuwepo. Ilitolewa, limebaki kava tupu, na hii tabia iko sana huku pwani, gari ikichemsha kidogo tu fundi anang'oa themostati anasema sasa itapoa. Kweli inapoa, mshale unakaa chini ya nusu na mwenye gari anafurahi, mimi nilifurahi. Kumbe injini ya namna hii inatakiwa ifanye kazi kwenye kama nyuzi 90, isipofika hapo kompyuta inadhani bado iko baridi inazidisha mafuta, hita ya ndani haitoi joto, filta ya masizi haijisafishi inajaa, na masizi yakizidi yanaingia mpaka kwenye oili. Na ndani ya rejeta kulikuwa na maji matupu ya bomba yenye rangi ya chai. Kulanti sio kwa ajili ya wazungu wenye barafu tu, inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka, kwetu ndo inahitajika zaidi. Gari ingewekewa kulanti tangu mwanzo pengine isingechemsha hata hiyo themostati isingetolewa.

Hela ziliendaje. Njombe betri ya AGM (aina iliyofungwa, isiyoongezwa maji) ya saizi yangu haikuwepo siku ile, nikaweka ya kawaida ya 280,000 ili nirudi nyumbani, baadaye nikanunua yenyewe kwa 780,000, na hizi gari ukibadilisha betri lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine, usiposajili inaendelea kuichaji kama ile ya zamani na unaiua mapema. Hita plagi 6 kwa 95,000 kila moja, zikatumwa kutoka Dar kwa basi, siku mbili. Kifaa chake cha kuzigawia umeme 320,000. Themostati na nyumba yake 410,000. Oili lita 9 kwa 36,000, filta 65,000, kulanti 120,000, ufundi 400,000.

Na 450,000 ya hita plagi moja iliyokatikia kwenye silinda hedi. Hii nataka mnisikilize vizuri. Hita plagi zikikaa miaka mingi zinashikana na hedi, ukizing'oa injini ikiwa baridi zinakatika, na ikikatika ndani ama unampata fundi mwenye vifaa vya kuitoboa pole pole ama hedi inafunguliwa. Fundi wangu alifanya vizuri, aliipasha injini kwanza, alimwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, tano zikatoka, moja ikakataa. Sio kosa lake. Ila ningezibadilisha miaka minne nyuma ingekuwa kazi ya nusu siku. Ukiona fundi anakuja na spana ndefu anakaza mkono kwenye injini ya baridi mwambie asimame.

Kwa hiyo kwa wale watatu walioniuliza na wengine mlio na gari kama hizi, wiki mbili kabla ya safari, sio siku moja kabla, nenda kwa fundi mwenye mashine na multimita. Mwambie apime betri ikiwa imelala usiku mzima bila kuwashwa, apime tena wakati stata inazunguka. Apime hita plagi moja moja, nzima inasoma kama om 1 au chini ya hapo, iliyokufa haisomi kitu, na kuipima haihitaji kuitoa. Amwage oili kama sio ile ya kitabuni. Umuulize themostati ipo au haipo na akuonyeshe, usikubali jibu la mdomo. Vichwa vya betri na ethi visafishwe kwa maji ya moto na bekingi soda, vikaushwe, vipakwe grisi. Mimi sasa hivi kazi hiyo yote ya kupima nalipa kati ya 50,000 na 80,000 hapa hapa mjini.

Kama kuna mtu yuko Newala, Rondo au sehemu yoyote ya juu huku kwetu, hata huhitaji fundi kwa kuanzia, ilaze gari nje usiku mmoja mwezi huu, asubuhi kabla hujafungua mlango simu iwe tayari kurekodi sauti, washa, sikiliza stata, angalia moshi. Ikitetemeka na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, kuna hita plagi zimekufa hapo. Stata ikizunguka kwa uzito anza na betri na ethi. Ikipiga kelele ya mnyororo kwa zaidi ya sekunde mbili tatu usiizoee kama nilivyoizoea mimi.

Na ukishafika kule juu, kama gari ina wasiwasi, usibonyeze kuwasha moja kwa moja. Fungua umeme bila kukanyaga breki, subiri taa ya koili izime, zima, rudia mara mbili au tatu ndo uwashe, hita plagi zinapata muda wa kupata moto. Ikiwaka usikanyage mafuta iungurume, iache dakika moja kisha uondoke taratibu, injini inapata moto haraka ikitembea kuliko ikisimama. Ukiipaki jioni igeuzie boneti upande jua linakotokea. Mke wangu ndo alinifundisha hili la mwisho, kwao wanalifanya tangu zamani na magari ya kubeba mbao.

Tunapanda tena mwezi wa nane, shemeji amejifungua. Betri nimepima juzi, 12.6.