Bima ya afya Marekani haikuanza na Johnson

Mkuu unaposema Rais Truman hakugusa kabisa bima ya afya na kila kitu ni cha Johnson, rais wa miaka ya sitini, hapana bana. Truman alipeleka pendekezo Congress, yaani bunge lao, Novemba 1945, Vita ya Pili ya Dunia ndo imeisha miezi michache tu, tena alitaka bima ya taifa zima sio ya wazee peke yao. Likagonga mwamba. Chama cha madaktari, AMA, kilikuja juu kikasema huo ni ujamaa, na enzi zile za kuogopa wakomunisti ukishabandikwa jina hilo umekwisha, halafu Truman aliposhinda uchaguzi wa 1948 AMA wakawachangisha madaktari dola 25 kila mtu wakakodi wataalamu wa propaganda kutoka California, Whitaker na Baxter. Na Wademokrati wenzake wa majimbo ya kusini, watu wa chama chake mwenyewe, nao walikuwa wanambania, sasa kura angezitoa wapi?

Johnson yeye alikuwa na namba. Uchaguzi wa 1964 kamgaragaza Goldwater wa chama cha Republican, Congress imejaa watu wake, na bado akapunguza mzigo, bima yake ya serikali, Medicare, ikawa ya wenye miaka 65 kwenda juu. Ila alijua wazo lilitoka kwa nani, ndo maana Julai 30, 1965 sheria ya Medicare hakuisainia Washington, alisafiri mpaka Independence, Missouri, kwenye maktaba ya Truman, mzee ana miaka 81, akaandikishwa wa kwanza na mkewe Bess wa pili. Medicaid ya wenye kipato kidogo ilikuwa kwenye sheria hiyohiyo, sijui kwa nini watu huwa wanaisahau.