Biskuti zangu zimekataliwa supamaketi: nianze na msimbomilia au alama ya TBS?

SWALI: Nipo Morogoro. Naoka biskuti za siagi na za karanga nyumbani, nauza maduka ya mtaani. Nilipojaribu supamaketi, meneja aliniuliza alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na msimbomilia, ile mistari ya kuskani kaunta. Kuna mtu ananiambia nikishalipia msimbomilia mambo yamekwisha. Ni kweli? Na tarehe ya mwisho wa matumizi naipangaje? Mimi huandika mwaka mmoja, kama za viwandani. Kwenye lebo nimeweka pia "hazina sukari" kwa kuwa natumia asali.

JIBU: Dada yangu, huyo mtu anakupoteza. Msimbomilia ni namba ya kutambua bidhaa kaunta na stoo, basi. Hapa nchini unatolewa na GS1 Tanzania, ndiyo maana namba zake huanza na 620, na hakuna atakayetoka huko kuja kukagua oveni yako. Ubora na usalama wa chakula ni kazi ya TBS. Zamani ungezungushwa kati ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na TBS, lakini tangu 2019 usajili wa vyakula na majengo yanamotengenezwa umehamia TBS. Msimbomilia uchukue baadaye, lebo ikishatulia.

Ukiwa na TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara, anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Wakikuona unafaa watakupa barua ya utambulisho, na kwa barua hiyo mjasiriamali mdogo hupewa huduma ya alama ya ubora bila malipo, gharama zikibebwa na serikali. Watu wengi hukwama kwenye jiko kuliko kwenye ada. Mkaguzi atataka kuona chumba cha kuzalishia kilichotengwa na mapishi ya familia, maji safi, wavu madirishani, na waokaji waliopimwa afya. Kisha sampuli huenda maabara. Leseni ya alama hutolewa kwa bidhaa uliyoiombea, kwa hiyo taja zote mbili, ya siagi na ya karanga.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo unapojiweka pabaya. Mwaka mmoja wa kiwandani unatokana na mapishi yao, oveni yao na hasa kifungashio chao, ile karatasi inayong'aa kwa ndani ambayo haipitishi unyevu kirahisi. Biskuti iliyokauka vizuri haioti ukungu haraka. Inayoiua ni unyevu unaoingia taratibu ikalegea, na mafuta kuharibika hadi ikatoa harufu ya mafuta ya zamani. Ya karanga kwa kawaida hutangulia kunuka.

Jipimie mwenyewe kabla ya kupeleka sampuli. Funga pakiti kadhaa za bechi moja, pima kila moja kwa mizani ya gramu, andika uzito juu yake, kisha ziweke mahali penye joto la kawaida kama dukani, siyo kabatini kwako penye ubaridi. Kila wiki zipime zote, ufungue moja uonje. Pakiti ikiongezeka uzito, ujue imevuta unyevu: ama mshono wa kufungia unavuja, ama nailoni yenyewe haifai. Siku utakayokuta biskuti haikatiki tena kwa mlio, hapo maisha yake yamekwisha; tarehe unayoandika iwe kabla ya hapo kwa nafasi ya kutosha. Kama ni miezi miwili, andika miwili. Na usifunge zikiwa na joto hata kidogo, mvuke hugeuka matone ndani ya pakiti na ukungu utauona mapema.

Uzito nao una mtego. Wapo wanaopima donge bichi gramu 100 na kuandika 100 kwenye lebo, wakati maji yamekwishapotelea ovenini. Wakala wa Vipimo anaangalia kilichomo baada ya kuoka, bila kifungashio. Weka pakiti tupu kwenye mizani, irudishe sifuri, ndipo ujaze.

Mengine ya kwenye lebo ni ya kawaida: jina la bidhaa, viambato kwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, jina na anwani yako, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, namna ya kuhifadhi. Ngano, maziwa, mayai na karanga zionekane wazi kwa ajili ya wenye mzio. Kama trei ni ileile kwa aina zote mbili, hata kwenye ya siagi andika kwamba huenda ina chembe za karanga. Mtoto mwenye mzio hasubiri kiasi kikubwa.

"Hazina sukari" uitoe leo. Asali ni sukari, na mgonjwa wa kisukari akinunua kwa kuamini maneno yako utakuwa umemdhuru. Andika tu "zimetengenezwa kwa asali", nayo asali ikae kwenye orodha ya viambato panapostahili. Usiongeze kwamba zinatibu au kukinga chochote. Madai ya kutibu hayaruhusiwi kwenye chakula, na huenda yakakurudisha mwanzo wa foleni.

Kwa hiyo usichapishe lebo elfu kwa sasa. Chapisha chache za kupeleka pamoja na maombi, usubiri masahihisho ya TBS.